Darubini Isiyoazimwa

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, anaitungua darubini kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa jikoni, anakaa kwenye kigoda, anaipakata kama mtoto mchanga, kisha anaipulizia pumzi: hah! upande wa huku, hah! upande wa kule. Anatoa mfukoni kitambaa kilichokatwa kwenye fulana yake ya zamani, anakisokota ncha, anakipenyeza kwenye bomba la kulia na kukivuta kwa upande wa pili. Halafu bomba la kushoto. Anaiinua dirishani, anafumba jicho moja, anaridhika, anaivaa shingoni, anabandika beji kifuani, ndipo anapouliza kama chai iko tayari.

Mtu mwenye akili zake angeshtuka pale kitambaa kinapoingilia huku na kutokea kule. Darubini ya kawaida hairuhusu mambo hayo, kwa sababu ndani yake mna vioo. Hii haina. Haina hata kimoja. Ni mabomba mawili matupu yaliyounganishwa, na mkanda wa ngozi. Na mwenye nayo ndiye mwongoza watalii wa ndege anayeaminiwa kuliko wote katika ufuko ule, kiasi kwamba jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye vyeti tu. Wageni, majirani, hata muuza duka, wote wanamwita Mzee Darubini.

Nyumba ya wageni anayofanyia kazi ina vyumba vinane na baraza moja refu linalotazama tope. Si ufuko wa kuogelea. Maji yakipwa yanakwenda mbali mpaka yanabaki mstari tu, na nyuma yake kinaachwa kiwanja cha tope laini, kinachong'aa kama sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Juu ya tope hilo wanashuka ndege kwa mamia, na kwa ajili ya ndege wanashuka wageni. Wanafika Ijumaa na mabegi, wanavua viatu vya mjini, wanavaa mabuti ya mpira, na kwa siku mbili hawataki kusikia habari ya ofisi. Wanataka upepo, chai ya moto, na ndege wa kuandika kwenye daftari. Kila chumba kina kitanda, taa, kulabu ya koti lililolowa, na ukutani picha ya ndege ishirini na nne waliosimama ubavu, kama washukiwa wanaosubiri kutambuliwa.

Nyuma ya nyumba kuna chumba cha kufulia, na huko anatawala mke wake. Mashine mbili zinafanya kazi, ya tatu ni ya kuwekea sabuni juu. Kamba za kuanikia ni kumi na moja, na siku za Jumatatu zote zinajaa soksi za watu waliozama mpaka magotini wakimfuata ndege. Meneja wa nyumba ni mdogo wake huyo mke, kijana anayependa mashati meupe na matangazo. Kwa hiyo Mzee Darubini ana bosi anayemwita shemeji, na ana mke ambaye bosi anamwita dada. Ukitaka kujua nani hasa anaendesha nyumba ile, sikiliza tu nani anaitwa na nani.

Hakuanza na ndege. Alianza na mabomba ya maji. Miaka kumi na tisa iliyopita aliajiriwa kama fundi bomba, na kwa kuwa bomba kubwa la maji lilipita kando ya tope na lilikuwa halimalizi wiki bila kupasuka, alishinda huko amechuchumaa, spana mkononi. Ndege wakamzoea. Naye akawazoea kwa mwendo wao, kama unavyomtambua jirani yako akiwa mbali bado, hujauona uso. Sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kama mundu, hutembea kama mtu aliyedondosha ufunguo na hataki watu wajue. Kitwitwi hukimbia, akasimama, akakimbia, akasimama, kama karani ambaye kila hatua mbili anakumbuka kitu alichosahau ofisini. Yangeyange husimama kama mwenye kiwanja anayesubiri wavamizi.

Siku moja mwongoza watalii wa zamani alikwenda kuoa, akanogewa, asirudi. Wageni tisa walikuwa barazani na mabuti yao. Meneja akamkuta fundi bomba chini ya sinki.

"Shemeji, hebu toka huko. Nenda kawaonyeshe watu ndege."

"Na hili linalovuja?"

"Liache livuje kwa adabu. Nenda."

Akaenda. Akawapeleka ukingoni, akanyoosha kidole.

"Yule pale, wa tatu kutoka kwenye kijiti, ni sululu. Mguu wa kushoto unamsumbua."

Wageni wakainua darubini zao, kubwa kama chupa za maziwa. Wakatafuta. Mama mmoja mwenye kofia ya nyavu akageuka.

"Wewe unaona kwa kutumia nini?"

"Kwa macho."

Wakacheka mpaka ndege wakaruka. Baadaye walipowapata tena kwenye vioo vyao, wakamwona sululu, wakamwona na anavyochechemea, wakakubaliana kwamba fundi huyu ana bahati ya ajabu. Kwenye kitabu cha wageni yule mama akaandika: *Mwongozaji ni mkarimu, lakini anakisia.*

Ikawa hivyo mwezi mzima. Akisema kitwitwi, wanamkuta kitwitwi, wanaandika kwamba anakisia vizuri. Meneja akamwita pembeni.

"Mimi najua unaona, shemeji. Lakini mgeni hakutoka kwake kuja kuona kwamba wewe unaona. Mgeni anataka kifaa."

Kifaa kikaja chenyewe. Mgeni mmoja alisahau darubini yake chumba namba tano, ile aina ya kizamani ya mabomba mawili yaliyonyooka. Walipomwandikia, akajibu wabaki nayo, yeye ndege amewaacha, sasa anafuatilia samaki. Fundi bomba akakabidhiwa rasmi. Siku ya kwanza tu ikaingia maji ya chumvi. Basi yeye akafanya kile ambacho fundi bomba yeyote angefanya: akaifungua yote, kama anavyofungua bomba la jikoni, akavitoa vioo vinne, akavifunga kwenye leso, akatia leso kwenye mfuko wa shati, akalivua shati kwa sababu lilikuwa na tope, akaenda kuoga.

Alipotoka, alisimama mlangoni pa chumba cha kufulia na taulo kiunoni.

"Mama watoto, shati langu liko wapi?"

"Liko kwenye kamba. Mbona umekuwa rangi hiyo?"

Vioo vitatu vilikuwa vimekwenda na maji. Bomba la kutolea maji machafu alikuwa amelitengeneza yeye mwenyewe wiki mbili kabla, akajisifu kwamba sasa halizibi hata ulimwagie kokoto. Kioo cha nne kilibaki mfukoni. Mke wake akakichomoa, akakiweka juu ya tundu la sindano, akaliona tundu limekuwa kubwa kama mlango. Tangu siku hiyo vifungo vyote vya wageni vilivyokatika vinashonwa kwa msaada wa kioo kile.

Kesho yake wageni walikuwa wanangoja. Hakuwa na muda wa kueleza. Alivaa mabomba matupu shingoni, akawapeleka ukingoni, akayainua machoni kwa sababu mkono ulikuwa umekwisha kuzoea kwa siku ile moja, akatazama kupitia hewa.

"Kitwitwi," alisema. "Kumi na wanne. Wa mwisho kulia amesimama kwa mguu mmoja."

"Aaah," walisema wageni wote kwa pamoja, kama watu walioingia bafuni wakakuta maji ni ya moto. Na kwenye kitabu wakaandika: *Mtaalamu.*

Hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu heshima ikishakuingia shingoni, kuivua ni kazi. Wageni walitaka kujaribu. "Mzee, niazime nitazame kidogo tu." Mara ya kwanza alijibu kilichomjia.

"Darubini ni kama mswaki."

Mgeni alifikiri, akaitikia kwa kichwa taratibu, akalitoa daftari lake akaandika. Neno likaenea. Kufikia mwisho wa mwaka hakuna mgeni aliyemwazima mwenzake darubini katika nyumba ile. Meneja alibandika tangazo ukumbini: *Tafadhali heshimu darubini ya mwenzako.* Bwana na bibi mmoja waliokuwa wamekuja na darubini moja kwa wawili walioneana haya mezani, na yule bibi akaondoka kwa gari la asubuhi kwenda kujitafutia ya kwake.

Miaka ikapita hivyo, hadi chama cha watazamaji ndege kilipoamua kwamba kila mwongozaji awe na beji, na asiye na beji asishuke ufukoni na wageni. Akatumwa mkaguzi wa vifaa, bwana mnene mpole aliyebeba fomu, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa amehamishiwa ndege kutoka kitengo cha mizani. Alikaa barazani, akafungua kalamu.

"Je, vioo vina mikwaruzo?"

Mzee Darubini aliifunika darubini kwa kiganja. "Hapana."

"Vina ukungu?"

"Hapana."

"Vina ufa?"

"Havina."

"Kuna kioo chochote kilicholegea?"

Hili alilifikiria kwa haki kabisa. "Hakuna kilicholegea."

Maswali yalikuwa ishirini, na hakuna hata moja lililouliza kama vioo vipo. Mwishoni fomu ilimtaka mkaguzi atazame mwenyewe. Hapo hapakuwa na mswaki wa kumwokoa. Fomu ni fomu. Mkaguzi akaziba jicho, akafungua, akaelekeza darubini kwa meneja aliyekuwa amesimama mwisho wa baraza.

"Ajabu," alisema. "Namwona meneja vilevile alivyo."

"Ndiyo," alisema Mzee Darubini.

"Hakuna kivuli. Hakuna rangirangi pembeni. Nimekagua darubini zaidi ya mia, sijapata kuona vioo safi namna hii. Ni kama havipo!"

"Ahsante sana."

Ishirini kwa ishirini. Beji ikaletwa siku hiyohiyo, ya bati, yenye picha ya ndege ambaye hata Mzee Darubini hakuweza kumtambua.

Meneja hakulala na habari kama hiyo. Kipeperushi kipya kilisema: *Upepo safi, tope la kutosha, na darubini pekee iliyopata alama zote.* Wageni wakaongezeka. Wengine walikuja kwa ajili ya ndege, lakini wengine, tuseme ukweli, walikuja kwa ajili ya darubini. Kwa kuwa haiazimwi, meneja aliagiza kwamba saa kumi jioni, wakati wa chai, iwekwe juu ya meza ndogo yenye kitambaa, watu waitazame. Wageni walijipanga barazani, hatua kumi kutoka mezani, wakaitazama darubini ile kwa darubini zao. Mmoja aliandika kitabuni: *Sululu arobaini, kitwitwi mia na kumi na wawili, darubini moja.*

"Watu wana kazi," alisema mke wake akikunja shuka.

"Wamekuja kupumzika," alisema Mzee Darubini. "Kila mtu na pumziko lake."

Lakini usiku wa deni haukawii kucha. Shida ilikuja mchana kweupe, kwa njia ya kijiti. Kulikuwa na wageni wawili waliolipia mwezi mzima, daktari wa meno mstaafu na mwalimu mkuu ambaye bado hajastaafu na alikuwa anaonyesha hivyo kwa sauti. Walibishana siku tatu juu ya kitu chembamba kilichosimama katikati ya tope. Daktari alisema ni ndege aliyelala. Mwalimu alisema ni kijiti. Wakamwita Mzee Darubini.

"Ni kijiti," alisema. "Nilikichomeka mwenyewe, kupima maji yanapofika."

"Umetazama kwa darubini?" aliuliza daktari.

Akainua mabomba yake, akatazama. "Ni kijiti."

Mwalimu mkuu akapiga makofi. Daktari wa meno akaenda chumbani kwake akaandika barua kwa chama, kurasa nne, akiomba aje katibu mwenyewe, aamue habari ya kijiti, na pia atazame kupitia darubini hiyo inayosifiwa, maana yeye alikuwa na mashaka nayo.

Jibu lilipofika, meneja alilisoma mara mbili, kisha akaja kwenye chumba cha kufulia na shati lake jeupe limelowa makwapani.

"Katibu anakuja Alhamisi," alisema.

Mashine ikazimwa. Katibu huyo alijulikana ufuko mzima. Alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno. Alikuwa na desturi moja: anakutoa beji kifuani, anakuuliza swali moja tu, na jibu lako ndilo linaloamua kama beji itarudi. Mwongozaji mmoja mwenye miaka thelathini kazini aliulizwa, "Umewahi kukosea?" Akajibu, "Hata siku moja." Beji ikaondoka na katibu. Mwingine aliulizwa, "Huyo ndege aliyeruka amekwenda wapi?" Akajibu, "Sijui, hakuniaga." Akarudishiwa.

"Shemeji," alisema meneja, "beji ikienda huwezi tena kushuka na wageni. Na mabomba siku hizi tuna kampuni. Nafasi niliyonayo ni hapa tu." Akaonyesha mashine, soksi, na sabuni.

"Hapa kwangu?" aliuliza dada yake.

"Ndiyo, dada. Awe msaidizi wako."

"Mdogo wangu, nisikilize vizuri. Mimi na huyu bwana tumekaa nyumba moja miaka ishirini na sita, na tumekaa kwa amani kwa sababu kila siku kuanzia saa moja mpaka saa kumi yeye yuko kwenye tope. Usiniharibie ndoa."

Mzee Darubini alikuwa anaitazama ile milango ya mashine, mviringo, ya kioo, na nguo zilizolowa zimelala ndani yake. Aliona jinsi siku zake zitakavyokuwa: kutazama kupitia kioo cha kweli, na kuona soksi. Alikuwa hajawahi kusema kwa mtu kwamba anawapenda wale ndege. Lilikuwa neno kubwa mno kwa fundi bomba. Lakini moyo ulimwuma pale pale alipowaza kwamba sululu mwenye mguu mbaya atakuja, atatafuta ufunguo wake asubuhi nzima, na hakuna atakayemjua kwa kumwona anavyotembea.

Siku zilizobaki mke wake alimfanyisha mtihani. Alibandua picha ya ndege ukutani chumba namba mbili, akaitundika juu ya ndoo.

"Kitwitwi ana vidole vingapi?"

"Sita."

"Kila mguu au yote miwili?"

"Inategemea amesimamia mingapi."

Taulo lililolowa likamkuta begani. "Ukimjibu mwanamke wa watu hivyo, utakuja kukunja shuka na mimi, na mimi shuka zangu sitaki zikunjwe na mtu wa mzaha. Sululu hutaga mayai mangapi?"

"Hatagi huku. Huku anakuja kupumzika, kama wageni wako."

"Manne. Kariri: manne."

Jumatano alikiweka kile kioo chake cha sindano kwenye kiganja, akamnyooshea.

"Chukua. Kipachike upande mmoja. Akitazama, angalau aone kitu."

Mume wake alikitazama kile kioo, kimechakaa pembeni kwa kushikwa. "Na wewe utatiaje uzi?"

"Nitabahatisha."

"Baki nacho," alisema. "Mimi ndiye niliyezoea kubahatisha."

Alhamisi maji yalikupwa saa nne asubuhi. Katibu alikuwa amefika mapema kuliko alivyotarajiwa, saa kumi na mbili na nusu, akaingia kwa mlango wa nyuma kwa sababu wa mbele ulikuwa bado umefungwa, akapita mbele ya dirisha la jikoni, akaketi barazani bila kumwamsha mtu. Alivaa mabuti ya mpira yenye viraka na darubini ndogo nyeusi iliyobanduka rangi. Chai aliyoletewa aliinywa yote, akasema "Ahsante," na hilo likawa neno lake la kwanza na la pekee mpaka saa nne.

Nyumba nzima ilishuka ufukoni. Mbele katibu, kisha Mzee Darubini, kisha daktari wa meno na mwalimu mkuu wakisukumana kwa mabega, wageni kumi na mmoja nyuma yao, meneja amevaa viatu vya ngozi ambavyo havikurudi, na mwisho kabisa mke wa Mzee Darubini, mikono bado ina povu.

Walisimama ukingoni. Kitu chembamba kilikuwa pale pale.

"Haya," alisema daktari wa meno. "Ni ndege aliyelala au siyo?"

Katibu akainua darubini yake. Watu wote wakainua zao. Wakati huohuo kitwitwi mmoja aliyekuwa akipita aliruka, akatua juu ya kijiti, akakunja mguu, akafumba macho.

"Nilisema!" alipiga kelele daktari wa meno. "Ndege! Amelala!"

"Nilisema!" alipiga kelele mwalimu mkuu. "Kijiti! Hicho hapo chini yake!"

Wakakumbatiana, na wakatokwa na machozi, na ugomvi wa siku nyingi ukaisha bila mtu kushindwa. Katibu aliandika mstari mmoja kwenye daftari lake. Kisha akageuka kwa Mzee Darubini, akamvua beji kifuani, akaishika kwenye kiganja cha kushoto. Kiganja cha kulia akakinyoosha, wazi. Alitaka darubini.

"Samahani, mama," alisema mgeni mmoja kwa heshima. "Hiyo haiazimwi. Ni kama mswaki."

"Haiazimwi," walisema wageni wengine, wakasogea mbele, wakamzunguka mwongozaji wao kama ukuta wa makoti ya mvua. Hata daktari wa meno, aliyekuwa ameandika kurasa nne, alisimama katikati akasema kwamba kitaalamu suala la mswaki analielewa yeye kuliko wote, na haliruhusiwi.

Mzee Darubini alipita katikati yao. Alipiga moyo konde, akaivua shingoni mbele ya watu wote, akaiweka kwenye kiganja kile.

Katibu akaitia machoni. Akatazama tope. Akatazama kwa muda mrefu kuliko mkaguzi. Akaigeuza, akatazama upande wa pili, ambako ilikuwa vilevile. Halafu, akiwa amewapa wageni mgongo, aliingiza kidole chake kidogo kwenye bomba la kulia mpaka kikatokea upande wa pili. Akakichezesha kidogo. Aliyekiona kile kidole ni mtu mmoja tu, mwanamke mwenye povu mikononi, ambaye aliziba mdomo na povu likamwingia.

Wakati huo kundi zima likaruka kutoka kwenye tope, mamia kwa pamoja, kama shuka lililokung'utwa. Mzee Darubini hakuwa na kitu shingoni wala mkononi. Alikuwa amesahau kwamba anachunguzwa. Alinyoosha kidole.

"Wale weupe chini ni kitwitwi, hawa wamezidi wa jana. Sululu saba, wanakwenda nyuma ya mikoko. Yule wa nyuma, anayechelewa, ndiye mwenye mguu. Amepona kidogo."

Katibu alikuwa amekwisha kuwafuata kwa darubini yake ndogo nyeusi. Wageni waliona midomo yake ikihesabu. Saba. Na wa saba, alipotua upande wa pili wa maji, alichechemea hatua tatu, kisha akatembea vizuri, kama mtu aliyeuona ufunguo.

Katibu akaishusha darubini yake, akamrudishia Mzee Darubini ile ya kwake. Beji bado ilikuwa mkononi. Sasa ndipo lilipobaki swali, na kila mtu alijua linakuja moja tu. Meneja alisimama na soksi kwenye tope. Mke alikuwa ananong'ona nyuma, sita, manne, sita, manne. Kichwani mwa Mzee Darubini vilipita vidole, mayai, midomo mirefu na mifupi, na kwa mbali soksi zikizunguka nyuma ya mlango wa mashine.

Hakuulizwa hata kimoja kati ya hivyo. Alichojibu ndicho kilichoirudisha beji pale ilipo mpaka leo, kwa hiyo ni haki kisemwe kama kilivyosemwa. Katibu alitazama kitambaa cha fulana kilichochungulia mfukoni mwa Mzee Darubini, akasogea karibu ili wageni wasisikie.

"Asubuhi nimekuona jikoni ukiisafisha," alisema. "Kwa nini unaisafisha?"

"Inaingia mchanga," alisema Mzee Darubini.